Upande wa Fabien

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema ili msije mkadhani ninayosimulia hapa ni habari ya nyaya tu. Jina langu ni Gérard Bisimwa, na nina studio ndogo ya kurekodi katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, hapa Ndendere, Bukavu. Narekodi kwaya za parokia, waimbaji wa harusi na matangazo ya maduka ya Nyawera. Jumatatu moja, saa tisa alasiri, nilifunga bafle mbili mpya kwenye mashine zangu, spika nzuri za studio ambazo nilizingoja miaka. Kabla ya saa kumi na moja mtu alikuwa amelala chini amekufa, na pigo la kwanza lilikuwa langu.

Lakini yote yalianza Jumamosi, katika ukumbi wa parokia yetu.

Kwaya ilikuwa na waimbaji ishirini na wanne, na kila mmoja alikuwa na nafasi yake. Maman Virginie, anayeongoza kwaya, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na aliwapanga waimbaji wake kama alivyowapanga wanafunzi: ukishapewa nafasi, hiyo ni yako mpaka uhame mji. Wanawake mbele, wanaume nyuma yao. Ukisimama alipo Virginie, soprano wako kushoto na alto kulia. Nyuma, wanaume wa sauti ya tena kushoto na wa besi kulia. Mwimbaji wa solo husimama katikati. Mikro zangu mbili, vipaza sauti vya kurekodia, nilizisimamisha nyuma ya Virginie, juu ya mguu mrefu wa chuma, moja ikitazama kushoto, nyingine kulia. Kabla ya kurekodi nilifanya ninachofanya siku zote: nilikwaruza mikro ya kwanza kwa ukucha nikasema "gauche", yaani kushoto, nikakwaruza ya pili nikasema "droite", yaani kulia. Waimbaji walinicheka, kama kawaida yao.

Mwimbaji wa solo alikuwa Benoît, rafiki yangu tangu darasa la pili, mtu mrefu mwenye miwani, mpole kiasi cha kuniudhi. Mke wake Georgette alikuwa soprano. Mdogo wake Destin alikuwa mwisho kabisa wa safu ya nyuma, upande wa tena. Mwisho mwingine wa safu hiyo, upande wa besi, alisimama Fabien, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye sauti iliyofanya viti vitetemeke.

Kila mtu mjini alijua kwamba Benoît ana kesi. Baba yake alimwachia shamba huko Mudaka, na mnunuzi mmoja mwenye marafiki wenye bunduki alilitaka. Benoît alikataa kutia sahihi. Aliitwa mara mbili kutishwa, akarudi mara mbili akiwa anaimba.

Tulikuwa tumemaliza wimbo mara ya tatu walipoingia watu watatu wenye silaha, nyuso zimefungwa vitambaa. Siku hizi hatuulizi tena wenye silaha ni wa nani. Tuliambiwa mikono kichwani na macho chini. Mimi nililazwa sakafuni, buti likakanyaga shingo yangu. Mmoja akauliza Benoît ni nani. Hakuna aliyejibu. Waimbaji wote walikuwa wamevaa shati moja la kitenge, na wale wenye silaha walikuwa na jina tu, hawakuwa na sura. Nilimsikia mwenye kuuliza akizunguka nyuma ya safu ya wanaume, buti zake zikilia juu ya mbao. Wanawake walikuwa wanalia. Buti zikasimama kidogo, kisha zikarudi moja kwa moja mpaka katikati, na nikasikia kitako cha bunduki kikivunja meno ya rafiki yangu. Walimburuta nje. Risasi zilikuwa mbili. Miwani yake ilibaki sakafuni karibu na uso wangu, kioo kimoja kizima.

Wakakusanya simu zetu katika mfuko na kwenda zao. Kompyuta yangu hawakuiona. Ilikuwa chini ya meza, chini ya koti langu, na bado ilikuwa inarekodi.

Basi mtu alikuwa amemwonyesha. Hilo kila mmoja alilielewa hata kabla damu haijakauka mlangoni. Mmoja kati yetu, mwenye shati lile la kitenge, alifungua mdomo wakati buti ziliposimama.

Jumapili nilijaribu kusikiliza. Kaske yangu, ile ya kuvaa masikioni, ilikuwa imekufa sikio moja tangu mwezi uliotangulia, na mimi kwa ubahili sikununua nyingine. Nilisikia mnong'ono, maneno manne, lakini yote yaliingia katika sikio moja, nisijue yanatoka wapi. Mnong'ono hauna mwenyewe. Mwanamume, mwanamke, mzee, kijana, wote hunong'ona kwa sauti moja. Kitu kimoja tu kingeweza kunionyesha mtu: mahali aliposimama. Na ili nijue mahali, nilihitaji bafle mbili, moja kila upande.

Nilikuwa nazo. Nilizileta kutoka Kigali, zikakaa kwenye karatoni zao wiki tatu kwa sababu nilitaka kwanza Fabien anitengenezee miguu ya chuma ya kuziweka. Fabien alikuwa ameahidi, na Fabien alikuwa mtu wa kesho.

Jumatatu asubuhi tulimzika Benoît. Kutoka makaburini watu walinifuata mpaka nyumbani. Habari kwamba mashine ya Gérard ilisikia kila kitu ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Ndani ya chumba waliingia Georgette, maman Virginie na Destin. Nje, kuanzia mlangoni mpaka barabarani, walisimama wanaume wa mtaa, wengine bado na makoleo ya kuzikia mikononi. Virginie alikuwa amechora kwenye karatasi nafasi za waimbaji wote, miduara yenye majina, kama alivyowaona kutoka pale anaposimama.

Nilipofungua karatoni, Destin alinishika mkono.

"Vieux Gérard, acha," alisema. "Benoît hatarudi. Hii kitu italeta damu ingine."

Nilimwambia kama anaogopa damu aende akalale. Nilimwambia ni mdogo wa aina gani huyu ambaye hataki kujua. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Alirudi nyuma, lakini aliendelea kusimama kando yangu, akihema, akiniambia polepole, tafadhali, tuache, huku watu wa nje wakipiga dirisha na kuuliza imefika wapi.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kati ya kompyuta na bafle kuna kisanduku, sisi wa kazi tunakiita karte-son. Sauti inapita humo ndipo itoke. Mgongoni kina matundu mawili, namba moja ya kushoto na namba mbili ya kulia. Siku nyingine yoyote ningekivuta, nikigeuze, nisome namba kwa macho yangu. Siku ile kisanduku kilikuwa kimebanwa ukutani, chumba kimejaa pumzi za watu, na kichwa changu kilikuwa kinachemka. Nilipitisha mkono kwa juu, nikapapasa tundu la kwanza, nikachomeka waya. Nikapapasa la pili, nikachomeka mwingine.

Kisha nikakosea jingine. Mtu wa kazi huwasha karte-son kwanza na bafle mwisho. Mimi niliwasha bafle kwanza, na nilipowasha kisanduku zilipiga mshindo mmoja mkavu, pa, kama risasi. Georgette alianguka chini akafunika kichwa. Nje watu walilala kwenye matope na makoleo yao. Mwanamume mmoja alinitukania mama yangu kupitia dirishani, na alikuwa na haki. Niliona aibu, na aibu kwangu haikai peke yake, hugeuka hasira papo hapo. Nilitaka tu mashine iseme. Ile sauti yangu ya majaribio, "gauche" na "droite", iliyokuwa mwanzo kabisa wa kurekodi, niliiruka.

Georgette aliinuka, akafuta magoti.

"Wimbo hapana," alisema. "Nikisikia sauti yake nitakufa. Weka pale tu kwenye njo wameingia."

Niliweka pale walipoingia wenye silaha. Vilio vya wanawake, kiti kinaanguka, buti. Bafle zile zilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, nilizipenda hata wakati ule. Uliweza kuzifuata buti kwa kidole hewani. Zilitembea, zikatembea, zikafika mwisho kabisa upande wa kulia, zikasimama. Kisha mnong'ono, hapohapo kulia:

"Wa katikati. Mwenye lunettes." Mwenye miwani.

Kidole cha Virginie kilitembea kwenye karatasi mpaka mduara wa mwisho wa safu ya nyuma, upande wa kulia. Hakulisoma jina. Tulilisoma wenyewe.

Niliwachezea mara ya pili. Kulia. Mara ya tatu. Kulia. Georgette alinitazama mimi, si bafle.

"Papa Gérard, uko sure?"

"Niko sure," nilisema. "Machine haina ndugu."

Destin alikuwa amekaa chini ukutani, mikono usoni. Nilidhani analia. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa mkavu, na ndiye aliyetoka wa kwanza akawaambia watu jina. Alisema ni Fabien, ule mutu wa Mwenga. Basi hapo kila mtu akakumbuka kitu. Kwamba Fabien alichimba dhahabu huko kwao kabla ya kuja Bukavu, na wachimba dhahabu wanajuana na wenye bunduki. Kwamba wiki mbili zilizopita aligombana na Benoît juu ya solo. Kwamba huwa halii misibani. Mimi nilikuwa nimekula nyumbani kwa Fabien mara zisizohesabika, na nilisikia upuuzi ule wote nikauona una maana.

Nilinyakua mguu wa mikro, ule wa chuma, nikaingia njiani mbele yao.

Karakana ya Fabien ipo chini ya mteremko, hatua mia mbili kutoka kwangu. Alikuwa anachomelea, barakoa ya fundi usoni, cheche zikiruka, hivyo hakutuona. Nilisimama mbele yake. Alizima moto, akainua barakoa, akaniona mimi kwanza, akatabasamu. Juu ya meza yake ilikuwa miguu miwili ya chuma, myeusi, imepigwa msasa vizuri.

"Karibu, Gérard," alisema. "Yako imeisha. Inabakia rangi tu."

Nilimpiga usoni kwa mguu wa mikro. Chuma kiligonga mfupa wa shavu na barakoa ikaruka mpaka barabarani. Aliangukia goti moja, akashika meza, na miguu ile aliyonitengenezea ikamwangukia.

"Gérard," alisema, "nilifanya nini?"

Nilimpiga tena. Kisha sikuwa na nafasi ya kupiga, kwa kuwa wengine walifika. Walimpiga kwa makoleo ya kaburi la Benoît. Walimpiga kwa vyuma vyake mwenyewe. Destin alimkanyaga mdomo, mara nyingi, kama mtu anayezima kitu kinachowaka, na kila Fabien alipojaribu kusema Destin alikanyaga zaidi. Walimburuta mpaka kwenye mfereji na kumalizia huko kwa mawe. Lucie, mke wake, alitoka nyumbani na unga mikononi, akashikwa na wanawake wawili. Alikuwa anapiga kelele jina langu, si la mumewe, kwa sababu nilikuwa mtu pekee pale aliyemjua vizuri. Nilipanda mteremko bila kugeuka. Georgette alikuwa amesimama juu barabarani. Hakuwa ameshuka. Nilimpita, na usiku ule nililala vizuri. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote.

Jumanne Lucie alimzika Fabien na watu sita. Kwaya haikwenda. Mwanawe alirudishwa kutoka shuleni na jicho limevimba, akiitwa mtoto wa muuzaji wa watu.

Jumatano asubuhi Georgette alituma ujumbe. Kwa misa ya kuondoa matanga alitaka wimbo wa mwisho wa Benoît usikike kanisani. Sasa angeweza, alisema, kwa kuwa kazi imekwisha. Nilikaa peke yangu, nikanywa chai, nikaufungua tangu mwanzo.

Kwanza ukaja ukwaruzo wa ukucha. Kisha sauti yangu mwenyewe ikasema "gauche". Ilitoka bafle ya kulia.

Nilirudisha. "Gauche," kulia. "Droite," kushoto. Kisha kicheko cha waimbaji, kisha wimbo, na soprano wote wakaimba kutoka kulia, na chini kushoto, mwisho kabisa, besi ya Fabien ikatetemesha kikombe changu cha chai.

Niliinama nyuma ya kisanduku, nikafuata waya kwa kidole kutoka tundu namba moja. Ulipita chini ya meza, ukapanda, ukaingia bafle ya kulia. Kisha nikazibadilisha nyaya, namba moja kushoto, namba mbili kulia, kazi ya nusu dakika, nikasikiliza buti upya. Zilitembea mpaka mwisho wa kushoto. Mnong'ono ulitoka nyuma ya soprano, kwenye nafasi ya Destin.

Ndipo nikaona kila kitu: mkono wake kwenye mkono wangu, uso wake mkavu, kisigino chake kwenye mdomo wa Fabien. Mchana niliuliza kwa mtu wa Mudaka. Shamba lilikuwa limeshatiwa sahihi jana yake, na mdogo wa marehemu.

Nilimwita Georgette peke yake. Nilimwonyesha nyaya, nikamweleza, nikamchezea kwanza majaribio yangu, kisha wimbo. Alisikia sauti ya mumewe na hakufa. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kushoto, pale aliposimama. Kisha akasikia mnong'ono ukimtokea mgongoni.

"Uko sure leo?" aliuliza.

"Juzi pia nilisema niko sure."

"Njo sababu nauliza."

Nilimwomba aweke kidole chake mwenyewe kwenye waya na kuufuata. Aliufuata kutoka tundu mpaka bafle, mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayesali rozari. Halafu alisema kwamba Destin analala sebuleni kwake tangu Jumatatu, eti amlinde. Alitazama mguu wa mikro uliokuwa pembeni, nilikuwa sijaufuta damu.

"Chukua ile," alisema. "Tuende."

Nilisema hapana.

"Fabien ulimupiga hata hukumuuliza. Kwa Destin njo unakuwa mupole?"

Hilo lilinikata, na bado nilisema hapana. Nilimwambia kabla ya mtu yeyote ni Lucie. Tulishuka wote wawili. Lucie alikuwa amekaa kwenye karakana, kati ya vyuma, bila mgeni hata mmoja. Nilipiga magoti nikamwambia yote, pamoja na tundu namba moja na namba mbili. Nilitegemea anipige. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza watu waliosikia jina la mumewe Jumatatu walikuwa wangapi. Nilisema labda sitini.

"Basi ni mbele ya batu sitini," alisema. "Bana yangu batembee njiani bila kutukanwa. Leta hizo bafle hapa."

Nilimwonya kwamba watamwua Destin. Alisema hajaniomba nimwue mtu, ameniomba nizifunge vizuri.

Alhamisi saa kumi nilizileta. Lucie alitoa ile miguu miwili ya chuma, bila rangi, na juu yake nikaziweka. Watu walikuja wakidhani ni wimbo wa Benoît. Destin pia alikuja, shati safi, kando ya Georgette, ambaye hakumwonyesha chochote usoni mwake. Maman Virginie alishika karatasi yake. Nilikigeuza kisanduku mgongo mbele, watu wazione namba. Niliwasha karte-son kwanza na bafle mwisho, na hakukuwa na mshindo. Nilisema mbele yao wote: Jumatatu nilikosea nyaya, Fabien hakusema neno, na pigo la kwanza lilikuwa langu. Walinitazama kama mlevi. Kisha sauti yangu ikatoka kwenye bafle, "gauche", kushoto, "droite", kulia. Kisha wimbo wote. Kisha buti.

Mnong'ono ulipotoka kushoto, Virginie hakutazama karatasi. Alimtazama Destin. Wote walimtazama.

Alikimbia. Hakufika mbali; mteremko ule ulikuwa umenyeshewa. Walimwangusha penye mfereji uleule, na wa kwanza kuinua mawe walikuwa walewale wenye makoleo, na nyuso zao zilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ya watu waliopata njia ya kusahau. Mimi nilikimbia pia. Nilipenya kati ya miguu yao nikamlalia Destin kifudifudi, mwili mzima juu yake. Alikuwa ananiuma begani kwa woga. Nilimchukia, na bado namchukia, sikumlalia kwa upendo wowote. Nililala kwa sababu ya kitu kimoja: Jumatatu hakuna aliyelala juu ya Fabien.

Walinipiga mimi. Koleo lilivunja mbavu, nikasikia mawe mgongoni, kisha moja, kubwa, likapiga sikio langu la kushoto, na upande ule wa dunia ukazimika. Kwa sikio lililobaki nilimsikia Lucie akiwaambia waache, akisema karakana yake si mahali pa kuulia watu tena. Yeye walimsikiliza. Destin alichukuliwa akiwa hai na wakubwa wa mtaa, akapelekwa polisi. Shamba la Mudaka bado lina mnunuzi wake, na mnunuzi bado ana marafiki zake.

Daktari aliniambia sikio halitarudi. Fundi wa sauti mwenye sikio moja ni kaske yangu ile ile ya zamani: anasikia kila kitu, hajui kinatoka wapi. Studio nimeifunga. Bafle zilibaki kwa Lucie, pamoja na kisanduku na kompyuta, juu ya miguu ya chuma ya mumewe, na hakuna aliyethubutu kuziomba.

Kila Jumapili baada ya misa nashuka mteremko kumfungia nyaya, kwa kuwa watoto huzichomoa wakifagia. Nakigeuza kisanduku, nasoma namba, nafuata waya kwa kidole. Kisha nawasha, wimbo unaanza, na mimi naketi katikati bila kujua chochote.

"Maman Lucie," namwuliza, "Fabien iko upande gani?"

Yeye huwa amekwisha kuvuta kiti chake.

"Kuume," anasema. "Iko kuume. Nyamaza nisikie."